Mwarobaini na bungua wa mikangazi: kwa nini shamba lililopuliziwa mara tatu liliendelea kupoteza vilele

Kisa

Shamba ni hekta moja ya mikangazi mitupu, iliyopandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, yaani miti 1,111. Miti ina umri wa miezi 16 na urefu wake unakaribia mita 2. Mvua zilipokolea ilichipua kwa nguvu, na wiki chache baadaye vilele vikaanza kufa kimoja kimoja. Ukisogelea mti ulioguswa unaona majani machanga ya juu yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ncha imekuwa nyeusi, na sentimita 10 hivi chini ya ncha kuna kidonda kidogo kilichozibwa kwa uchafu wa kahawia uliokolea, ulioshikana kwa nyuzi za hariri. Kuanzia hapo kwenda chini mti mzima ni wa kijani na hauna kasoro.

Mwenye shamba hakutaka sumu za viwandani. Alichuma majani ya mwarobaini, akayatwanga, akayachemsha kwa saa moja, akaongeza sabuni ya unga ya kufulia, kisha akaitumia dawa hiyo kidogo kidogo kutoka kwenye dumu kwa siku nne. Alipuliza miti yote kuanzia chini hadi juu, mchana, baada ya kuona vilele vimenyauka. Alirudia mara tatu ndani ya wiki tatu. Vilele viliendelea kukatika, naye akahitimisha kwamba dawa za mimea hazifai kitu msituni.

Kisa hiki ni cha mfano. Kimejengwa kwa makosa yanayojirudia mno pale dawa iliyozoeleka bustanini inapopelekwa kwenye miti bila kuuliza mdudu wa huko anaishi vipi. Mengi hutajwa kuhusu mwarobaini, na karibu yote huhusu kinachowekwa kwenye ndoo. Ndoo ni nusu ya kisa. Nusu nyingine iko ndani ya chipukizi, na ndiyo tunayoanza nayo.

Mdudu na dirisha lake

Anayekata vilele hivi ni bungua wa chipukizi, Hypsipyla robusta, nondo wa kijivu na kahawia anayepatikana Afrika, Asia na Australia. Ndugu yake, Hypsipyla grandella, ndiye anayesumbua mahogani na miti ya Cedrela katika bara la Amerika. Jike huruka usiku na kutaga mayai moja moja, au machache pamoja, kwenye sehemu laini za juu: kwapa la jani, kovu la jani lililodondoka, ufa mdogo wa gome. Yai jipya ni jeupe. Likiwa limerutubishwa huanza kuonyesha wekundu ndani ya siku moja. Linaanguliwa baada ya siku 3 hadi 5.

Kiwavi anayetoka hafiki hata milimita 2. Hutangatanga juu ya chipukizi, huonja hapa na pale, kisha hutoboa. Mlangoni hufuma kifuniko cha hariri kilichochanganyika na kinyesi na makombo ya mti, na nyuma ya kifuniko hicho hula uti laini wa katikati kwa wiki kadhaa mpaka awe pupa, ama ndani ya tundu lake ama chini karibu na shina. Kwenye joto kizazi kizima, kutoka yai hadi nondo, huchukua mwezi mmoja hadi miwili.

Sasa angalia dawa iko wapi. Matone ya pampu hukaa juu ya gome na majani. Kiwavi akishaingia, hali tena kitu chochote ambacho dawa iligusa. Kilele kinachonyauka kinaonyesha kwamba mdudu yuko ndani, ameshiba, na kifuniko chake kinazuia maji kuingia. Kupuliza wakati huo ni kuosha mti. Ndiyo maana mipulizo yote mitatu ya kisa hiki haikumgusa kiwavi yeyote aliyekuwa ameshaingia, na ingeshindwa hata kama ndoo ingekuwa na dawa bora kuliko zote.

Dirisha lenyewe ni fupi: kuanzia yai linapoanguliwa mpaka tundu linapozibwa. Dawa lazima iwe tayari juu ya chipukizi kabla ya hapo, ili kiwavi aimeze katika maonjo yake ya kwanza. Tunasema aimeze kwa sababu azadiraktini, kiambata kikuu cha mwarobaini, huua kidogo sana kwa kugusa. Kazi yake kubwa ni kuvuruga homoni zinazoongoza kujichuna ngozi. Kiwavi aliyemeza dozi ya kutosha hupunguza kula, halafu zamu ya kujichuna inapofika anakwama ndani ya ngozi ya zamani na kufa. Hilo huchukua siku kadhaa. Mtu anayetafuta wadudu waliolala chini asubuhi ya pili hatawaona, na atadhani dawa imekataa.

Hesabu inayowapotosha wengi

Mdudu anayekula majani na mdudu anayetoboa kilele hawapimwi kwa kipimo kimoja. Chukua Hyblaea puera, kiwavi anayemaliza majani ya mitiki. Dawa ikiua robo tatu ya viwavi, mti unabaki na majani ya kutosha, unaendelea kukua, na hasara ni ya msimu mmoja wa unene. Hapo dawa ya mwarobaini iliyotengenezwa vizuri inalipa jasho lake.

Kwa mkangazi, kiwavi mmoja aliyebaki anatosha kuua kilele. Mti hautakufa, utatoa machipukizi mawili au matatu pembeni, yatashindana, na shina litapanda likiwa na panda mahali ambapo lilipaswa kutoa gogo la kwanza, lile lenye thamani kuliko yote. Tuseme kila kilele kimepata mayai 4 katika kipindi kimoja cha kuchipua, na dawa inaua viwavi 3 kati ya 4. Uwezekano wa kilele kunusurika ni 0.75 × 0.75 × 0.75 × 0.75, yaani 0.32. Dawa ambayo bustanini ingesifiwa imepoteza vilele 68 kati ya 100.

Ongeza ubora wa dawa mpaka iue 9 kati ya 10, na mayai yakiwa 4 unaokoa vilele 66 kati ya 100. Iache dawa kama ilivyokuwa, lakini punguza mayai kutoka 4 hadi 2 kwa kila kilele, unaokoa 56. Fanya yote mawili, unafika 81. Namba hizi ni za kuonyesha tu jinsi hesabu inavyokwenda, wala si vipimo vya shamba fulani, lakini zinaeleza kwa nini tunaanza na kisu kabla ya pampu. Kila bungua aliyemo ndani leo ni mama wa mayai ya mwezi ujao, na dawa haimfikii.

Kisu kwanza

Pita shamba zima, mti kwa mti. Kila kilele kilichonyauka kikate chini ya kidonda, kisha tazama uso wa mkato. Ukiona tundu, au duara la kahawia katikati, bado hujafika mwisho. Shuka sentimita 3 hadi 5 na ukate tena mpaka uti wa katikati uonekane mweupe na mzima. Mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame. Pasua vipande kwa kisu na umtafute mdudu. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayoonyesha mkato ulitosha au kichwa cha kiwavi kimebaki kwenye mti.

Vipande vilivyokatwa visiachwe chini. Kiwavi mkubwa aliye ndani ya kipande kilichotupwa anaweza kumaliza kukua humohumo au kutambaa na kuwa pupa kwenye takataka za ardhini. Vikusanye kwenye gunia, vichome moto siku hiyo hiyo pale inaporuhusiwa na ilipo salama, au vifukie kwa kina cha nusu mita na kushindilia udongo.

Machipukizi mapya yakifika sentimita 15 hadi 20, chagua moja: lililonyooka zaidi, lililokaa karibu na juu, lisilo na alama ya kutobolewa. Mengine yaondoe. Ukiwahi mno kuchagua, yaani yakiwa bado sentimita 5, na bungua akapiga lile uliloliacha, unabaki bila akiba. Ukichelewa mpaka yawe na nusu mita, jeraha la kuondoa pacha wake ni kubwa na shina linakuwa limeshapinda.

Ndani ya ndoo

Majani ya mwarobaini yana azadiraktini kidogo sana ukilinganisha na kiini cha mbegu. Kiini kizuri huwa na gramu 2 hadi 6 kwa kilo. Ukitumia gramu 50 za kiini chenye gramu 4 kwa kilo katika lita 1 ya maji, kiwango cha juu unachoweza kupata ni miligramu 200 kwa lita, na kiuhalisia ni chini ya hapo kwa sababu maji hayakamui yote. Kiini kilekile kikiwa kizee na kimebaki na gramu 1 kwa kilo, ndoo ileile ina miligramu 50. Watu wawili wamefuata kipimo kimoja, mmoja ana dawa ya nguvu mara nne kuliko mwenzake. Majibu yanayopingana kuhusu mwarobaini mara nyingi hutoka hapa.

Kuchemsha ni kosa la pili. Azadiraktini ni molekuli kubwa yenye viungo vingi vinavyokatika kirahisi. Ilitengwa mara ya kwanza na Butterworth na Morgan mwaka 1968, waliokuwa wakichunguza kwa nini nzige wa jangwani wanaususa mwarobaini, na kundi la Steven Ley huko Cambridge lilichukua miaka 22 mpaka kufanikiwa kuijenga maabara mwaka 2007. Kitu kigumu hivyo kukijenga ni chepesi kukibomoa: maji ya moto hukivunja, jua hukivunja, na maji yenye magadi hukivunja. Hutulia zaidi kwenye maji yenye uchachu kidogo, pH 4 hadi 6. Sabuni ya unga ya kufulia ina magadi mengi, kwa hiyo dumu la siku nne katika kisa chetu lilikuwa linaozesha dawa yake lenyewe kila saa.

Mbegu nzuri huanza na tunda lililoiva hadi kuwa la manjano. Likusanywe kabla halijakauka, limenywe nyama siku hiyo hiyo kwa kusuguliwa ndani ya maji, na mbegu zianikwe zikiwa zimetandazwa safu moja penye upepo na kivuli. Zihifadhiwe kwenye magunia yanayopitisha hewa au vikapu. Mfuko wa plastiki huzifanya zitoe jasho na kuota ukungu, na ukungu huo unaweza kuleta sumu ya aflatoksini, hatari kwa mtu anayetwanga na kuvuta vumbi lake. Kiini cheusi au chenye harufu ya uvundo kitupwe. Tumia mbegu zenye umri wa miezi 3 hadi 8 tangu kuvunwa.

Siku moja kabla ya kupuliza, pasua maganda kwa kutwanga kidogo, pepeta, kisha twanga viini viwe unga wa chengachenga. Ukiona mafuta yanaanza kutoka na unga kuwa kama siagi, umepita kiasi: mafuta yatatoka kwenye nozeli na kuunguza majani machanga. Pima kwa mizani. Konzi si kipimo. Mkono mmoja huchota gramu 30 na mwingine 60.

Kwa hekta hii moja kila raundi inahitaji lita 67 za dawa, maelezo yake yako mbele. Kwa gramu 50 kwa lita hizo ni kilo 3.4 za viini. Ganda huchukua takriban nusu ya uzito wa mbegu kavu, kwa hiyo andaa kilo 7 za mbegu. Funga unga kwenye mfuko wa kitambaa, uzamishe katika lita 34 za maji ya kawaida, kivulini, kwa saa 12 au usiku kucha. Asubuhi ukamue mfuko mara nyingi mpaka maji yawe meupe kama maziwa, uuhamishie kwenye lita nyingine 33, ukamue tena mpaka yatoke meupe hafifu, kisha changanya ndoo zote mbili. Kamuo la pili wengi hulimwaga, wakati bado lina dawa.

Chuja kwa kitambaa kizito mara mbili. Nozeli inayoziba kila mti wa ishirini humfanya mpulizaji aifungue zaidi, matone yanakuwa makubwa, na dawa inateleza kwenda chini. Kama maji yako ni ya chumvichumvi na karatasi ya kupimia inaonyesha pH 8, ongeza siki kidogo kidogo mpaka ifike 6. Mwisho kabisa, ukiwa umeshajaza pampu, tia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo mililita 1 kwa lita, yaani 16 kwa pampu ya lita 16. Sabuni hii ni ya kusaidia matone yatandae juu ya majani machanga yanayong'aa. Ikizidi mililita 5 kwa lita huunguza. Ijaribu kwenye miti mitano, subiri siku mbili, kisha ndipo uende shambani.

Dawa itumike siku hiyo hiyo. Inayobaki mwagia udongo wa kitaluni. Isipelekwe mtoni, wala pampu isioshwe humo, maana azadiraktini huwadhuru wadudu na vidudu vya majini.

Mahali, saa na siku

Mwenye shamba alipuliza mti mzima. Sehemu kubwa ya dawa ilitua kwenye majani yaliyokomaa ambayo bungua hayataki. Kinachohitaji kulowa ni kilele na sentimita 40 za juu, pamoja na makwapa ya majani, kwa kuzungusha nozeli pande zote mbili. Mililita 60 kwa mti zinatosha mpaka dawa ianze kuchuruzika kidogo: 1,111 × 60 ni karibu lita 67. Nozeli ya koni inayotoa lita 0.6 kwa dakika hutoa mililita 10 kwa sekunde, basi ni sekunde 6 kwa kila mti. Kabla ya kuanza, pulizia ndani ya jagi la kupimia kwa sekunde 6 na uone kama ni 60 kweli. Nozeli iliyochakaa hutoa 90, na dawa huisha miti 370 ikiwa haijaguswa. Miti ikipita mita 2.5, ongeza urefu wa mkono wa pampu. Kupuliza ukiwa chini na kuelekeza juu huacha kilele kikavu.

Saa ni jioni, kuanzia saa kumi. Jua hupunguza nguvu ya azadiraktini juu ya jani kwa nusu ndani ya siku moja hadi mbili na nusu, na upulizaji wa mchana hutupa siku hiyo ya kwanza, yenye thamani kuliko zote. Jioni pia nyuki wameshatulia. Hapa hutokea tatizo la kazi: sekunde 6 za kupuliza pamoja na mwendo kati ya miti ni kama sekunde 20, hivyo miti 1,111 ni zaidi ya saa 6 kwa mtu mmoja, na jioni ina saa mbili na nusu za mwanga. Weka watu watatu, au gawa shamba kwa jioni mbili au tatu mfululizo. Asiyepiga hesabu hii mapema ndiye anayejikuta anaanza saa tatu asubuhi.

Kuhusu siku, linganisha mambo matatu. Yai huanguliwa baada ya siku 3 hadi 5. Dawa ikipoteza nusu kila siku mbili, siku ya 5 imebaki chini ya moja ya tano, na siku ya 7 chini ya moja ya kumi. La tatu husahaulika: kilele kinakua. Kile ulicholowesha Jumatatu, Jumamosi kipo chini ya urefu mpya ambao haujawahi kuona dawa, na nondo hupenda hasa huo urefu mpya. Kwa hiyo, miti inapochipua kwa kasi, rudia kila siku 5. Raundi 8 zinafunika siku 40 na zinahitaji kilo 27 za viini, au karibu kilo 55 za mbegu kavu. Mvua kubwa ikinyesha usiku uleule, raundi hiyo ihesabiwe haikufanyika. Miti ikitulia na majani kukomaa, acha kupuliza. Hakuna mlango wa kulinda.

Raundi ya kwanza ifanyike vichipukizi vinapoanza kufunguka, kabla ya kilele chochote kunyauka.

Kuhusu mimea mingine

Pareto huua kwa kugusa na kwa haraka, lakini haikai: jua huimaliza ndani ya saa chache, wakati mayai ya bungua huanguliwa usiku tofauti tofauti kwa wiki nzima. Utupa una rotenoidi, yaani viambata vya kuua wadudu, zenye nguvu, ila baadhi ya mimea ya utupa haina rotenoidi kabisa ingawa kwa macho inafanana na ile iliyo nazo, kwa hiyo aliyeotesha mbegu asizozijua anaweza kupuliza maji matupu. Tena utupa ni sumu kali ya samaki, na mashamba mengi ya miti yako kwenye vyanzo vya maji. Tumbaku tunaikataa waziwazi. Nikotini hupenya ngozi ya mpulizaji, na mtu aliyelowa mgongo kwa pampu inayovuja anaweza kuumwa vibaya kabla hajafika nyumbani.

Kuna sababu nyingine ya kutopenda pareto hapa, nayo ni majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Majaribio kaskazini mwa Australia yameonyesha kwamba mikangazi yenye makundi ya majimoto huandamwa kidogo sana na bungua, kwa kuwa sisimizi hao hukagua vilele mchana na usiku. Ni walinzi wa dirisha lilelile tunalohangaika kulilinda kwa pampu. Dawa ya kuua kwa kugusa huwaangamiza kwanza. Mwarobaini huwadhuru kidogo kuliko hiyo kwa sababu hawali jani, lakini hata hivyo mti wenye kiota usipulizwe. Uruke na uuwekee alama.

Watu huuliza pia kuhusu kuchoma dawa ndani ya shina kwa sindano, kwa kuwa azadiraktini hutumika hivyo Kanada kulinda miti ya ash dhidi ya Agrilus planipennis, mbawakawa anayetoboa chini ya magome yake. Dawa ile imesafishwa na kukolezwa kiwandani, na miti yenyewe ni mikubwa. Kamuo la nyumbani lina mafuta na chembe zinazoziba mishipa ya maji, na kutoboa shina la unene wa sentimita 3 ni kuliumiza kuliko bungua mwenyewe.

Jambo moja liwekwe wazi. Mkangazi na mwarobaini ni wa ukoo mmoja, Meliaceae, na bungua huyu amezoea kuishi kwenye miti ya ukoo huo yenye viambata vichungu vya kundi lilelile. Usitegemee kwamba uchungu wa mwarobaini utamfukuza kama unavyomfukuza nzige. Tegemea kumeza na kukwama kwenye kujichuna, na hilo linahitaji dozi kamili. Anayepunguza hadi gramu 20 kwa lita ili kubana mbegu anabaki na harufu tu.

Kupima kama imefanya kazi

Acha safu mbili katikati ya shamba zipulizwe maji na sabuni peke yake, kwa siku zilezile. Bila safu hizo, vilele vikipungua kufa hutajua kama ni dawa au ni mvua zilizokatika, na vikiongezeka utailaumu dawa kwa mwaka mbaya. Kila wiki kagua miti 50 iliyopuliziwa, ukipita kwa mshazari kutoka kona hadi kona, pamoja na miti yote ya safu za maji. Andika kitu kimoja: kilele kizima au kilele kimetobolewa. Funga kamba kwenye uliotobolewa ili usiuhesabu mara mbili.

Kila fungu jipya la mbegu lijaribiwe kabla halijapanda kwenye pampu. Tafuta viwavi wadogo 40 wa aina moja wanaokula majani, wa mmea wowote ulio karibu. Ishirini wape majani ya mmea wao yaliyochovywa kwenye dawa na kukaushwa kivulini, ishirini majani yaliyochovywa kwenye maji yenye sabuni, kwenye makopo yenye kitambaa juu, ukibadilisha majani kila siku. Siku ya 7 wale wa maji wawe wamekua na kujichuna. Wale wa dawa wawe wadogo, wamekwama au wamekufa. Kama makundi mawili yanafanana, fungu hilo la mbegu limekufa. Jaribio hili halikuambii bungua atafanya nini, linakuambia tu kwamba ndoo ina kitu ndani.

Safu za maji zikitobolewa sawa na zilizopuliziwa wakati mbegu zimefaulu jaribio la kopo, tazama tarehe kabla ya dozi: raundi ya kwanza ilitangulia vichipukizi au iliwafuata viwavi? Baada ya hapo kagua urefu wa matundu uliyopasua. Matundu mafupi yenye viwavi wadogo yanaonyesha mayai ya karibuni, yaani nafasi kati ya raundi imezidi. Matundu marefu yenye viwavi wanene yanaonyesha kisu kiliwaacha ndani.

Ulinzi huu hauendelei milele. Shina likishanyooka mpaka mita 5 au 6 bila panda, gogo la kwanza limepatikana. Bungua akikata kilele baada ya hapo anaharibu sehemu ya matawi, na watu watatu wa jioni wanaweza kuhamia kwenye miti iliyopandwa mwaka huu.